Je, Wajua? Pwani ya Kharumwa Haina Chumvi

Mtu wa Kharumwa akisema sikukuu hii anakwenda ufukweni, jamaa zake wa Dar es Salaam hucheka. Ufukwe gani huko kwenye machimbo ya dhahabu? Wanasahau Ziwa Viktoria. Kutoka makao makuu haya ya Wilaya ya Nyang'hwale, maji ni safari ya mchana mmoja, kwenda na kurudi. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake ni ya Tanzania.

Je, wajua kwamba wageni waliwahi kuchora bahari nzima huku kwetu? Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa wakiishi pwani, walitoa ramani waliyoitunga kutokana na masimulizi ya watu wa misafara. Maziwa matatu yaliungana yakawa moja, refu na nene kama konokono asiye na kombe, likaitwa bahari ya Unyamwezi. Miaka miwili baadaye mpelelezi Mwingereza, Speke, alimwacha mwenzake Burton mgonjwa Tabora, akapanda kaskazini hadi Mwanza, na Agosti 1858 akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na lao tayari: Nyanza.

Tofauti na Bagamoyo, hapa hutasubiri maji yajae ndipo uoge, maana kupwa na kujaa kwa ziwa hakuonekani kwa macho. Mwezi una kazi nyingine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hazivuti kitu, wavuvi wakalala nyumbani. Anayetaka dagaa wa bei nzuri na atazame angani kabla ya kupanda basi.

Je, wajua saa mbaya ya kuoga ni ile ile inayovutia kuoga? Vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi ndani ya konokono wa majini jua linapokuwa kali, kuelekea adhuhuri, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Hupendelea maji yaliyotulia yenye majani, pale pale watoto wanapopapenda. Mamba hatajwi hapa kwa sababu yeye kila mtu anamwogopa tayari.

Kwa anayekwenda ziwani upande wa Mwanza, kivuko cha Busisi kilikuwa sehemu ya safari, na foleni yake pia. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita tatu linakatiza ghuba hadi Kigongo, na gari huvuka kwa dakika chache. Mwanza kuna kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee aliyeishi hapo kabla hakijawa bustani ya wanyama mwaka 1964. Leo ni hifadhi ya taifa.

Lakini cha ajabu zaidi kiko humu humu katika mkoa wetu wa Geita. Sokwe wa kisiwa cha Rubondo si wenyeji! Mababu zao 17 waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, wengine wakiwa wametoka katika bustani za wanyama na sarakasi. Walifunguliwa msituni bila kufundishwa lolote, wakajitafutia chakula wenyewe na kuzaana.

Je, wajua kwamba ziwa nalo husafiri? Maji yanayotoka Jinja, Uganda, hufuata Nile hadi Misri. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka Misri iridhie kwanza miradi ya maji huku. Tanganyika huru iliukataa mwaka 1962. Tangu 2009, mabomba kutoka Ihelele, Misungwi, huyasukuma maji kusini hadi Kahama na Shinyanga. Kwa hiyo hata aliyekosa nauli ya sikukuu, akaoga kwa ndoo uani kwake Shinyanga, ameoga ziwani. Tena bila kichocho.