Faini ya Ugenini Humfuata Dereva Nyumbani

Ndugu zetu si wachache walioko Marekani leo wakipata riziki kwa usukani wa lori. Hutoka Ohio wakapeleka mzigo Texas, wakachukua mwingine wa kwenda Georgia, na kabla ya juma kwisha wamekwisha kupita katika majimbo saba au manane. Katika safari za namna hiyo haikosi siku moja dereva akasimamishwa na polisi mahali asipopajua, akapewa hati ya mashtaka, ambayo madereva wenyewe huiita tiketi, ya kwamba amezidisha mwendo au amehama njia vibaya. Hati hiyo yamwita mahakamani baada ya majuma kadhaa, katika mji mdogo ulio maili elfu moja kutoka nyumbani kwake. Mzigo wangoja. Dereva huitia hati ile katika kisanduku cha gari, akasema moyoni mwake kwamba mji huo harudi tena, basi ni nani atakayemfuata?

Atafuatwa, tena na jimbo lake mwenyewe.

Yafaa ifahamike kwanza kwa nini wengi hukosea katika jambo hili. Dereva wa Dar es Salaam apelekaye mzigo Kigali au Lubumbashi hukuta mpakani kituo, maafisa na mihuri, akajua kwamba sasa yumo chini ya serikali nyingine. Marekani hapana kizuizi cha namna hiyo. Pana kibao tu kando ya barabara kinachomkaribisha msafiri, na lami ni ile ile. Lakini sheria za barabarani si za Serikali kuu ya Washington. Kila jimbo katika yale 50 lina zake, na mgeni hana udhuru wa kusema yeye si mwenyeji. Neno hilo lilikatwa zamani. Mwaka 1910 bwana mmoja wa Washington aliingia Maryland na motokaa yake, akakamatwa kwa kutoiandikisha huko; kesi ikapanda hata Mahakama ya juu kabisa ya nchi, nayo mwaka 1915 ikaamua kwamba jimbo lina haki ya kumtaka mgeni azitii sheria za barabara zake.

Siku hizo mgeni aliyekamatwa alitakiwa kuweka fedha taslimu za dhamana, au apelekwe kwa hakimu saa ile ile. Mwenye fedha alilipa akaenda zake; asiye nazo alikaa kituoni. Mwaka 1977 ukaanzishwa mkataba baina ya majimbo ili kuondoa adha hiyo, na majimbo yaliyo mengi yameufuata. Kwa mkataba huo mgeni huachwa aendelee na safari kwa ahadi ya kuijibu hati. Akinyamaza, mahakama ya ugenini hupeleka habari kwa jimbo lililompa leseni, na jimbo hilo humfungia leseni mpaka atakapojibu. Upo mkataba mwingine, wa miaka ya mwanzo ya 1960, unaopeleka nyumbani habari za hukumu zenyewe. Tena tangu mwaka 1960 Serikali kuu ina daftari la watu waliofungiwa au kunyang'anywa leseni, ambalo kila jimbo hulitazama kabla ya kumpa mtu leseni mpya. Kwa hiyo hila ya kuhamia jimbo la pili na kuanza upya haifai kitu.

Ubaya wa kufungiwa leseni kwa namna hii ni kwamba mara nyingi mwenyewe hajui. Barua hutumwa kwa anwani iliyo katika leseni, na ndugu zetu wengi huhama nyumba kila mwaka bila ya kuipeleka anwani mpya idarani. Basi mtu huendelea kuendesha, akisimamishwa tena kwa taa iliyoungua tu, huambiwa kwamba leseni yake imefungwa zamani. Hapo si habari ya faini tena. Kuendesha gari huku leseni imefungwa ni kosa la jinai katika majimbo mengi. Na kwa mtu ambaye bado si raia, kukamatwa kwaweza kufungua daftari jingine lililo zito zaidi.

Wako wengine, nao ni watu waaminifu, wanaofanya kinyume chake. Hulipa siku ile ile ili waondokane na taabu. Huyu naye hana budi kuonywa. Katika mahakama karibu zote kulipa faini ni kukiri kosa, na kukiri huandikwa kama hukumu. Kwa mwenye motokaa ya nyumbani huenda madhara yakawa madogo. Jimbo la New York, mathalan, haliandiki makosa madogo ya barabarani ambayo madereva wake wa kawaida wameyafanya katika majimbo mengine, lakini huyaandika yaliyofanywa Ontario na Quebec, nchini Kanada! Ajabu hiyo wenyewe ndio waijuao. Dereva wa lori hana nafuu hiyo. Kwa sheria za Serikali kuu, kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi kwa saa katika lori huhesabiwa kosa kubwa, kadhalika kuandama gari la mbele karibu mno, kuhama njia ovyo, na kushika simu mkononi. Makosa mawili ya aina hii katika muda wa miaka mitatu humwondoa barabarani kwa siku 60. Matatu, siku 120. Ni miezi miwili au minne bila ya mshahara. Isitoshe, akihukumiwa kosa lo lote la barabarani, isipokuwa la kuegesha gari, yampasa amwarifu tajiri wake kwa maandishi katika siku 30. Tena majimbo yamekatazwa kumfichia mwenye leseni ya lori hukumu yake, hata kama alikuwa katika gari lake mwenyewe. Yale masomo ya usalama ambayo dereva wa kawaida huhudhuria kosa likafutwa, kwake yeye hayafuti kitu.

Hatusemi kwamba sheria hizi ni za uonevu. Lori lenye mzigo lafikia tani 36, na wanaouawa nalo ni wafanya kazi na watoto wa wafanya kazi. Lakini iko miji iliyokwisha kumfanya msafiri kuwa shamba lake. Katika kijiji cha Monroeville, Ohio, meya ndiye aliyekuwa hakimu wa barabarani na ndiye aliyesimamia hazina ya kijiji. Mwaka 1964 mapato ya kijiji yalikuwa dola 46,355, na katika hizo dola 23,589 zilitoka katika mahakama ya meya. Dereva mmoja aliyetozwa dola 50 kwa kila kosa katika makosa mawili alikataa kunyamaza, na mwaka 1972 Mahakama ya juu ikamkubalia kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa haki na hakimu ambaye kijiji chake chala kwa faini zile zile. Huko Waldo, Florida, polisi wenyewe walisimama mbele ya baraza mwaka 2014 wakafichua kwamba waliamrishwa kuandika hati kwa hesabu iliyopangwa; baraza likakivunja kikosi chote. Miji ya namna hiyo yajua vizuri kwamba mgeni hatarudi kujitetea. Umbali ndio mtaji wao.

Basi dereva afanyeje? Aisome hati yote, mbele na nyuma, siku hiyo hiyo. Aangalie jina la mahakama, tarehe ya mwisho ya kujibu, na sheria aliyoshtakiwa kwayo, maana maili 14 na maili 15 kwa mwenye lori si kitu kimoja. Kisha ampigie simu karani wa mahakama. Makarani wa miji midogo kwa kawaida hueleza vizuri wakiulizwa kwa adabu. Mahakama nyingi hupokea kwa posta jibu la kukataa kosa, nyingine husikiliza kesi kwa njia ya video, na katika makosa madogo mara nyingi wakili wa pale pale aweza kusimama badala ya mshtakiwa. Malipo ya wakili huonekana makubwa mpaka yapimwe na miezi miwili ya kukaa bure. Na kama shtaka ni la uzito wa mzigo au ubovu wa gari, amwulize tajiri kwa maandishi ni nani atakayelipa, kabla dereva hajatia mkono mfukoni mwake.

Asiye na fedha asikimbie. Mwaka 1971, katika kesi ya mtu fukara wa Houston aliyeamriwa kufungwa siku 85 kwa sababu hakuwa na dola 425 za faini za barabarani, Mahakama ya juu ilikataza faini kugeuzwa kifungo kwa sababu ya umaskini tu. Mtu aweza kumwomba hakimu alipe kidogo kidogo. Lakini haki hiyo ni ya mtu anayejitokeza. Katika mji wa Ferguson, Missouri, uchunguzi wa Serikali uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mahakama ya mji ilikuwa imetoa amri zaidi ya 9,000 za kukamata watu katika mwaka 2013 pekee, nyingi kwa mambo madogo kama hati za barabarani ambazo hazikujibiwa au kulipwa.

Na asiyejiweza kwa Kiingereza asione haya. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 yakataza mahakama inayopokea fedha za Serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na mahakama nyingi huleta mkalimani bila ya malipo. Wakalimani wa Kiswahili wako, na siku hizi wengine hutafsiri kwa simu. Aombwe mapema, wakati ule ule wa kumpigia karani simu, na jina la karani aliyejibu pamoja na tarehe viandikwe juu ya hati yenyewe.