Ushindi na Afya: Makocha wa Kikapu Waliolazimika Kukaa Kando

Wazazi wenye vijana wanaopenda mpira wa kikapu wanazijua taabu za mechi za Marekani. Mechi inayoanza saa moja na nusu usiku huko New York, kwetu visiwani huwa ni saa tisa na nusu usiku wakati wa majira yao ya baridi. Kijana anakesha, asubuhi skuli anasinzia. Hilo lina siku yake. Leo tunamtazama mtu ambaye mechi hizo hizo ndizo riziki yake, naye ni kocha. Kwa nini watu waliofika kileleni mwa kazi hii, wenye mishahara minono na madaktari wa karibu, wamelazimika kukaa kando katikati ya msimu kwa sababu ya afya? Na ni nini kilichowasaidia wale waliorudi salama?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Ligi ya NBA ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 82 kuanzia Oktoba mpaka kati ya Aprili, nusu yake ugenini. Zipo mechi zinazofuatana, leo hapa na kesho mji mwingine. Mechi ikimalizika kocha hujibu maswali ya waandishi, hupanda ndege usiku huo huo, na mara nyingi hufika hotelini usiku wa manane. Mchezaji hulala. Kocha hufungua kompyuta, kwa sababu kuna picha za mechi iliyopita za kuangaliwa na za mpinzani wa kesho. Chakula huliwa saa ambazo tumbo halikizoea, na kahawa hufanya kazi iliyokuwa ya usingizi.

Mchezaji ana kundi zima linalolinda mwili wake. Wapo wa kumkanda, wa kumpimia chakula, na wa kuhesabu dakika alizokaa uwanjani. Kocha ni mtu mzima, pengine amevuka miaka 50, na kwa miaka mingi hakuna aliyemhesabia dakika zake. Tena hakuna anayemlazimisha kukesha. Humlazimisha fikra moja tu, kwamba akilala yeye, mwenzake wa timu pinzani hajalala. Fikra hiyo haina mwisho, kwani hata akiangalia picha mpaka asubuhi, daima itabaki mechi moja ambayo hajaiangalia.

Hatusemi hamu ya kushinda ni ubaya. Bila ya hamu hiyo hakuna kocha. Lakini mwili nao una haki yake, na haki ya mwili ikicheleweshwa hudaiwa kwa mkupuo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Steve Clifford, aliyekuwa kocha wa Charlotte Hornets. Mwaka 2013, katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu, alipata maumivu ya kifua, akawekewa vibomba viwili vidogo vya kupanua mishipa ya moyo. Baada ya siku chache tu alikuwa amerudi kazini. Miaka minne baadaye, Desemba 2017, vichwa vikali vilimlazimisha kusimama tena. Madaktari walipompima, jawabu halikuwa la ajabu: hakuwa analala vya kutosha, na hali hiyo ilikuwa ya muda mrefu. Alikosa mechi 21. Yaani kiongozi wa timu nzima aliondolewa uwanjani na kitu ambacho kila mama huwahimiza watoto wake wakifanye baada ya isha.

Miezi michache baadaye, Machi 2018, ikawa zamu ya Tyronn Lue wa Cleveland Cavaliers. Lue hakuwa mzee. Alikuwa na umri wa miaka 40, aliwahi kucheza ligi hiyo hiyo, na miaka miwili nyuma alikuwa ameipa Cleveland ubingwa. Alitangaza mwenyewe kwamba ana maumivu ya kifua na kwamba ukosefu wa usingizi unamzidishia. Baadaye alieleza hadharani kuwa alitibiwa maradhi ya wasiwasi. Kwa mwanamume wa kazi ile kulitamka neno hilo mbele za watu si jambo dogo, na tunadhani ndilo lililowafaa wengi kuliko mechi zozote alizoshinda. Wapo watu hata katika nyumba zetu wanaoshikwa na kifua kila usiku wakasema ni gesi, au wakanyamaza kabisa ili wasionekane dhaifu. Maumivu ya kifua hayakisiwi nyumbani. Ni ya kupelekwa hospitali, iwe chanzo chake ni moyo au ni fikra.

Lue alipokuwa mapumzikoni, msaidizi wake Larry Drew aliiongoza timu kwa mechi tisa, akashinda nane. Lue akarudi Aprili, na timu ikafika fainali.

Hapo ndipo penye jambo tunalotaka msomaji alishike. Kocha huogopa kwamba akiondoka kila kitu kitaporomoka. Khofu hiyo ndiyo inayomfunga kitini akiwa mgonjwa. Lakini tukiangalia yaliyotokea, timu iliyoandaliwa vizuri haikuporomoka. Ushahidi mkubwa wa hilo ni kisa cha Steve Kerr wa Golden State Warriors.

Kerr alizaliwa Beirut mwaka 1965. Baba yake, Malcolm Kerr, aliuliwa mji huo huo Januari 1984 akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Tunalitaja hili kwa sababu mtu aliyefikwa na msiba kama huo akiwa kijana wa miaka 18 huenda akaupima mpira kwa mizani nyingine. Alipopewa timu mwaka 2014 alikwenda Seattle kumtembelea Pete Carroll, kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani, na huko akajifunza kwamba kocha lazima ajue mambo anayoyasimamia kabla ya kuchora mbinu yoyote. Kerr akachagua manne: furaha, utulivu wa akili, kuhurumiana, na kushindana. Kushindana kumo ndani, lakini kumewekewa majirani watatu. Mwaka uliofuata timu ikatwaa ubingwa.

Baada ya ubingwa huo Kerr alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na maji ya uti wa mgongo yakawa yanavuja. Akafanyiwa upasuaji wa pili, lakini vichwa na kichefuchefu havikumwacha. Msimu wa 2015 ulipoanza hakuweza kukaa kwenye benchi. Aliyeshika nafasi alikuwa Luke Walton, msaidizi mwenye umri wa miaka 35. Timu ikashinda mechi 24 mfululizo tangu mwanzo wa msimu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ligi hiyo. Mpaka Kerr anarudi Januari 2016, Walton alikuwa ameongoza mechi 43 na kushinda 39. Na hapa pana kichekesho. Kwa kanuni za ligi ushindi wote uliandikwa kwa jina la Kerr, kwa hiyo Walton alichaguliwa kocha bora wa mwezi katika kanda yake huku daftari rasmi likisema hajashinda hata mechi moja.

Mwaka 2017 maumivu yakarudi katikati ya mechi za mtoano. Kerr akakaa kando tena, Mike Brown akaiongoza timu, na haikupoteza mechi hata moja mpaka Kerr aliporudi katika mechi ya pili ya fainali. Ubingwa ukapatikana.

Wasaidizi hawa hawakuwa na uchawi. Walikuwa wakizungumza mbele ya wachezaji siku zote, wakipewa mazoezi ya kuyaongoza wenyewe, wakisikilizwa. Siku ya dharura wachezaji hawakusikia sauti mpya. Kerr aliifikisha mbali zaidi tabia hiyo. Februari 2018, katika mechi dhidi ya Phoenix Suns, aliwaachia wachezaji wenyewe ubao wa kuchorea mbinu wakati wa mapumziko mafupi. Wako waliosema ni kumdharau mpinzani. Warriors walishinda kwa tofauti ya pointi 46. Sisi tunaona lawama ile ilikuwa na haki kiasi, lakini somo lililokuwamo ni zito: kocha anayeweza kukaa kimya kwa mechi nzima ni kocha anayeweza pia kwenda hospitali.

Msomaji makini atasema, Kerr ana akina Stephen Curry, nani asingeshinda? Kweli kabisa. Charlotte ya Clifford haikuwa na nyota wa namna hiyo, na alipokuwa mapumzikoni timu ilishindwa zaidi ya ilivyoshinda. Msimu ulipomalizika, Aprili 2018, Clifford alifukuzwa. Lue naye aliondolewa Oktoba 2018 baada ya kupoteza mechi sita za mwanzo, LeBron James akiwa keshahamia Los Angeles. Hatudai kwamba walifukuzwa kwa sababu ya kuumwa. Tunachosema ni kwamba kocha wa timu dhaifu akiyaona hayo huamua kumeza vidonge na kunyamaza. Kumwambia mtu kama huyo apumzike bila ya uongozi kumhakikishia kwamba kiti chake kipo ni maneno matupu. Ni sawa na mwajiri anayempa mfanyakazi ruhusa ya ugonjwa kwa mdomo, kisha akamkata mshahara.

Januari 2024 Warriors walipatwa na msiba. Dejan Milojević, msaidizi wa Kerr kutoka Serbia, alipata mshtuko wa moyo akiwa kwenye chakula cha usiku na wenzake huko Salt Lake City, akafariki siku ya pili yake. Alikuwa na umri wa miaka 46. Hakuna anayeweza kusema kazi ndiyo iliyomuua, wala sisi hatusemi. Ligi iliahirisha mechi mbili za timu hiyo. Ratiba isiyomngoja mtu ilisimama, na hakuna kilichoharibika kwa kusimama kwake.

Familia nayo imo. Aprili 2018, Gregg Popovich wa San Antonio Spurs alifiwa na mkewe katikati ya mechi za mtoano. Alikaa na watoto wake, na msaidizi wake Ettore Messina akaziongoza mechi zilizobaki. Timu ilitolewa, na hatukumbuki mtu mzima aliyemlaumu.

Popovich huyu ana jambo la kutafakari. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine kuwapumzisha wachezaji. Novemba 2012 aliwarudisha nyumbani wachezaji wanne, akiwamo Tim Duncan, kabla ya mechi ya Miami, na ligi ikaitoza timu yake faini ya dola 250,000. Alijua kuhesabu dakika za watu wake hata kwa gharama hiyo. Yeye mwenyewe aliendelea kusimama pembeni mwa uwanja mpaka akiwa na miaka 75. Tarehe 2 Novemba 2024, kabla ya mechi nyumbani San Antonio, alipata kiharusi.

Kilikuwa chepesi, lakini hakurudi kwenye benchi. Mitch Johnson, aliyekuwa msaidizi wake, alizishika mechi 77 zilizobaki. Tarehe 2 Mei 2025 ilitangazwa kwamba Popovich anaacha ukocha baada ya misimu 29, mataji matano na ushindi wa mechi 1,422 za msimu wa kawaida, idadi ambayo hakuna kocha mwingine aliyeifikia. Alibaki kuwa msimamizi mkuu wa mambo ya mpira katika klabu, kazi ya ofisini isiyohitaji kupanda ndege usiku wa manane, na kiti cha ukocha akapewa Johnson.