Hatari Haiishi Siku ya Kujifungua

Mwanamke wa Kikula au Panda, mjini Likasi, akianza kwenda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hutobolewa kidole, tone la damu likatiwa kwenye kipimo, na muda si mrefu akaambiwa kama ana virusi vya UKIMWI (VVU) au hana. Akikutwa hana, wengi huona jambo hilo limekwisha. Kumbe jibu hilo ni la siku ile tu, na miezi inayofuata, ya kubeba mimba na ya kunyonyesha, ndiyo ambayo mwili wake huambukizwa kwa wepesi zaidi.

Ushahidi mkubwa ulitolewa mwaka 2018 na watafiti walioongozwa na Kerry Thomson. Walichambua habari za jozi 2,751 za wenzi katika nchi saba za Afrika, zikiwemo jirani zetu Zambia, Tanzania, Rwanda na Uganda, ambao mwanamume alikuwa na virusi na mwanamke hana. Walikadiria kuwa mwanamke asiyetumia dawa ya kinga, akikutana na mwenzi wake huyo mara 1,000, maambukizi yangekuwa kama 1 akiwa hana mimba. Mimba ikiwa changa yanapita 2, ikikua yanakaribia 3, na katika miezi 6 ya kwanza baada ya kujifungua yanapita 4. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya matumizi ya kondomu na wingi wa virusi katika damu ya mwanamume kuhesabiwa. Basi sehemu ya sababu imo ndani ya mwili wa mama.

Utando wa uke wenye afya hukaliwa na bakteria wa jamii ya Lactobacillus, ambao hutengeneza asidi inayowafukuza vijidudu wengine. Wakipungua, na wengine kama Gardnerella wakajaa, asidi hupotea na utando huvimba kwa ndani. Chini ya darubini, fundi wa maabara huona seli za utando zimegandwa na vijidudu hata kingo zake hazionekani sawasawa. Mwenyewe huenda asihisi lolote. Pengine ni harufu tu, au majimaji kidogo.

Utando uliovimba hutoa kemikali za kuwaita askari wa mwili. Miongoni mwa wanaoitikia ni seli za CD4, na hizo ndizo VVU huziingia na kuzaliana ndani yake. Kwa hiyo mwili, katika kupigana na bakteria, humkusanyia adui mwingine windo lake palepale mlangoni. Mwaka 2015 Lindi Masson na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kuwa wanawake waliokuwa na kemikali hizo kwa wingi ukeni walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa mkubwa kama mara 3 kuliko wenzao.

Kongo ilitoa ushahidi wake mapema zaidi. Kinshasa, katika mradi wa utafiti ulioitwa Projet SIDA, Marie Laga na wenzake walifuatilia wanawake 431 waliokuwa wakiuza ngono na ambao hawakuwa na virusi. Matokeo yao ya mwaka 1993 yalionyesha kuwa hata magonjwa yasiyotoa vidonda, yaani kisonono, klamidia na trikomona, huongeza hatari ya VVU. Klamidia, kwa wanawake wengi, haina dalili yoyote. Mama asiyelalamika hatibiwi.

Kuhusu wajawazito wenyewe, watafiti wa Blantyre, Malawi, walitangaza mwaka 1998 kwamba wale ambao bakteria wa uke walikuwa wamevurugika waliambukizwa zaidi, wakati wa mimba na baada ya kuzaa. Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya estrojeni huporomoka. Bakteria wa Lactobacillus hukosa chakula chao, kinachotegemea homoni hiyo, nao hupungua. Kunyonyesha huendelea kuishusha homoni hiyo, hivyo utando hubaki mwembamba na mkavu kwa miezi. Tia hapo michubuko na nyuzi za kushonwa, kisha tia majani na unga wa kukausha au kubana uke, desturi iliyoelezwa na watafiti nchini Kongo mwaka 1993, na ambayo huuchubua utando usiopona bado.

Mama akiambukizwa wakati huo, mtoto naye yumo hatarini, kwa kuwa maambukizi mapya hujaza virusi katika damu na maziwa. Na kwa kuwa karatasi ya CPN inaonyesha hana, hakuna anayempa dawa.

Likasi iko kwenye barabara ya malori ya shaba na kobalti yatokayo Kolwezi kwenda Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Dereva na mchimbaji hulala mbali na nyumbani majuma mazima, na mke hana namna ya kujua hali ya mumewe kwa kumtazama usoni. Baba naye apime. Akiwa na virusi, akanywa dawa hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo, hamwambukizi mkewe. Mke aliye hatarini anaweza kutumia vidonge vya PrEP, yaani dawa ya kinga. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa vinafaa hata kwa mjamzito na anayenyonyesha. Harufu, majimaji na muwasho vitajwe kwa muuguzi bila haya, kwani dawa zipo.

Na kipimo kirudiwe. Mtoto huletwa kuchanjwa CPS, yaani kliniki ya watoto wadogo, akiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani ndani ya miezi ileile ambayo hatari ya mama iko juu kabisa. Siku hizo kinachopimwa ni kilo za mtoto. Mama yuko pale pale, amempakata. Aombe atobolewe kidole, hata kama hakuna aliyemwambia.