Hiba Bila Ufunguo

Mzee ana mke, binti mmoja na nyumba ya shilingi milioni 8. Mtoto wa kiume hana. Ana kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Akifa bila deni wala wasia, mke atapata thumuni, yaani milioni 1, binti nusu, milioni 4, na milioni 3 zilizobaki zitakwenda kwa kaka kwa uasaba. Ndiyo maana wazee wa pwani hukimbilia hiba: "Nyumba nimempa mwanangu." Ana haki hiyo. Mafungu ya Surat an-Nisaa hayaanzi mpaka mtu afariki.

Tabu iko kwenye kukabidhi. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi huku pwani, kutamka na kukubali hakutoshi. Mali haihami mpaka aliyepewa aitie mkononi. Abubakar Swiddiq alimpa bintiye, Bi Aisha, mavuno ya mitende, mizigo 20 ya tende. Hakwenda kuyachukua. Baba alipokuwa anakata roho akamwambia: ungeyachukua yangekuwa yako, leo ni mali ya warithi, wakiwemo kaka zako wawili na dada zako wawili. Bi Aisha akashangaa, kwani dada aliyemjua ni Asma tu. Wa pili alikuwa bado tumboni. Alipozaliwa akaitwa Ummu Kulthum.

Basi hati yenye mhuri, huku mzee bado anakaa humo na kodi anapokea yeye, ni hati dhaifu. Atoe vyombo vyake, ampe binti funguo. Wala asingoje kuugua: kinachotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa wasia, na wasia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya wenzake.

Hiba nayo ni msumeno. Wapo wanaowagawia wana wa kiume mashamba yote, mabinti wakaambiwa wataolewa. Bashir alipomtunuku mwanawe Nuuman, Mtume aliuliza kama watoto wote wamepewa vivyo hivyo. Alipojibiwa la, akakataa kushuhudia. Mahanbali wanauona usawa huo ni wajibu. Kwa Mashafi ni sunna, na kupendelea bila sababu ni makuruhu. Tena kwao mwana na binti hupewa sawasawa, si mawili kwa moja kama mirathi. Hili wengi hawalisemi mimbarini.

Nawe binti uliyepewa nyumba kwa maneno, mwombe baba ufunguo angali mzima.