Usajili huu ukikosea, hakuna dirisha dogo

ILIKUWA Jumamosi ya Aprili 26, 2003. Huku Tanzania watu walikuwa kwenye sherehe za Muungano. Kule Utah, Marekani, jamaa wa miaka 27 anayeitwa Aron Ralston aliacha gari lake, akaendesha baiskeli kisha akaendelea kwa miguu hadi kwenye korongo jembamba linaloitwa Blue John. Alikuwa peke yake. Jamaa alikuwa fiti, mzoefu wa milima, na hakumwambia mtu yeyote anakokwenda.

Ndani ya korongo jiwe likachomoka, likaubana mkono wake wa kulia kwenye ukuta. Jiwe lenyewe lilikuwa na zaidi ya kilo 300. Alikuwa na maji kidogo na chakula kidogo, na hakuna mtu aliyemsikia akipiga kelele. Alikaa hivyo hadi Alhamisi, Mei 1. Siku hiyo alivunja mifupa ya mkono wake mwenyewe, akaukata kwa kisu kidogo butu, akateremka ukuta wa karibu mita 20 kwa kamba, kwa mkono mmoja, kisha akaanza kutembea. Akakutana na familia ya watalii, na baadaye helikopta ikamchukua.

Mwaka 2010 ikatoka filamu yake, ‘127 Hours’. Wengi tukiitazama tunabaki kuzungumzia ule mkono tu. Lakini kuna tarehe moja ambayo haizungumzwi sana vijiweni: Julai 1, 2003. Hiyo ndiyo siku raia wa kawaida nchini Marekani waliruhusiwa kutumia bikoni ya mkononi ya kuita uokoaji, ile inayofahamika kama PLB. Kabla ya hapo ilikuwa ni majaribio ya Alaska tu. Ralston alikosa kwa miezi miwili.

KWANINI HABARI HII IPO KURASA ZA MICHEZO

Kwa sababu kutembea porini na kupanda milima ni michezo, na wanaoifanya wamo humu humu kati yetu. Kilimanjaro huwezi kupanda bila mwongozaji, kwa hiyo pale suala la kwenda peke yako halipo. Lakini ndugu yako aliyeko Scotland, Norway au Colorado anaweza kutazama mechi ya Jumamosi, na Jumapili alfajiri akabeba begi lake akaingia mlimani peke yake. Huyo anahitaji kusajili mchezaji mmoja muhimu kabla hajaondoka.

Na usajili huu si kama wa straika. Straika akifeli Agosti, unasubiri dirisha dogo unaleta mwingine. Huyu unamsajili kwa ajili ya siku moja tu, na siku hiyo akifeli hakuna mechi ya marudiano.

WACHEZAJI WATATU WALIOPO SOKONI

Wa kwanza ni PLB yenyewe. Huyu ni kipa. Msimu mzima anaweza asiguse mpira, lakini ndiye anayebaki mabeki wote wakishapitwa. Ni kifaa chenye uzito usiofika gramu 200, unachokibeba mfukoni. Ukiumia, unakunjua antena na kubonyeza kitufe. Kinarusha ishara kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye setilaiti, na setilaiti zinaipeleka kituo cha uokoaji. Wakati huo huo kinatoa ishara nyingine ya megahezi 121.5, ambayo helikopta inaifuata mpaka ikufikie.

Mtandao unaopokea ishara hizo unaitwa Cospas-Sarsat. Uliasisiwa na Marekani, Canada, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti, tena katikati ya Vita Baridi. Ni kama Simba na Yanga kukubaliana kupanda basi moja. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1982, na Septemba mwaka huo huo watu watatu waliodondoka na ndege ndogo huko Canada wakaokolewa. Mpaka leo huduma hiyo haina ada ya mwezi. Ukishanunua kifaa, umemaliza.

Wa pili ni kifaa cha ujumbe wa setilaiti, kama inReach ya Garmin. Huyu ni kiungo, anapokea na kutoa. Unabonyeza SOS, halafu unaandikiana na waokoaji: “Nimevunjika mguu, natoka damu, nina maji ya siku moja.” Wanajua waje na machela au na kamba. Hata bila dharura unaweza kumwandikia mama nyumbani kwamba umefika salama. Tatizo lake ni bando. Huduma inalipiwa, na usipolipia, SOS haiendi popote. Betri yake pia ni ya kuchaji kama simu, kwa hiyo ukiitumia hovyo siku tatu, ya nne unayo kopo tu mkononi.

Wa tatu ni simu yako. Kuanzia iPhone 14, Apple waliweka huduma ya kuomba msaada kwa setilaiti, ikaanza Novemba 2022 kwa Marekani na Canada, kisha nchi nyingine kadhaa. Ni jambo zuri, lakini haipatikani kila nchi. Na simu hiyo hiyo ndiyo ramani yako, kamera yako na tochi yako. Huyu ni mchezaji wa akiba, usimwanzishe fainali.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUSAINI

Betri inadumu vipi? Betri ya PLB inalala miaka kadhaa bila kuguswa, na ukiiwasha inatakiwa irushe ishara kwa saa 24 au zaidi. Tarehe ya kuibadilisha imeandikwa juu ya kifaa. Ukinunua cha mtumba, isome kwanza tarehe hiyo. Kipa aliyeisha mkataba hadaki.

Kina GPS ndani? Kisicho nacho, setilaiti zinakukadiria ndani ya kilomita kadhaa. Chenye nacho, waokoaji wanaletewa eneo la mita kama 100. Usiku, kwenye ukungu, wewe umevunjika nyonga, tofauti hiyo ndiyo maisha yako.

Kinajibu? PLB za zamani ukibonyeza hujui kama umesikika. Tangu Januari 2020 mfumo wa Galileo wa Ulaya una huduma ya kurudisha jibu: taa inawaka kukujulisha kwamba ishara yako imepokelewa. Ukiwa umelala chini peke yako, taa hiyo inaweza kukuzuia usifanye uamuzi wa kukata tamaa, kama kuanza kujiburuza ukaondoka pale unapotafutwa. Lakini uliza kama nchi yako imeikubali huduma hiyo.

Sheria inasemaje unakokwenda? Uingereza waliruhusu PLB kutumika nchi kavu mwaka 2012 tu, kabla ya hapo zilikuwa za baharini na za ndege. India ni kali: watalii wameshakamatwa viwanja vya ndege kwa kuwa na kifaa cha ujumbe wa setilaiti kwenye begi bila kibali. Usije ukaoneshwa nyekundu kabla mechi haijaanza.

Kinaona anga? Hili wengi wanalisahau. Vifaa vyote hivi vinataka mbingu iliyo wazi. Mnakumbuka wale watoto 12 wa timu ya Wild Boars na kocha wao, Thailand mwaka 2018, waliokwama pangoni? Hata kila mmoja angekuwa na PLB, kule ndani isingesaidia kitu. Kwenye msitu mnene au korongo, ishara inaweza kuchelewa au kukatika.

FOMU, FOMU, FOMU

Sasa hapa ndipo watu wanapofungwa goli la kizembe. Wananunua kifaa cha bei mbaya, wanakitia kwenye begi, wanasahau kukisajili.

Kila PLB ina namba yake ya utambulisho, na namba hiyo imefungwa kwenye nchi maalumu. Unatakiwa uisajili kwa mamlaka ya nchi hiyo: jina lako, simu, na watu wa kupigiwa. Ishara ikiingia, mtu wa zamu anafungua jina lako na kumpigia ndugu yako. Ndugu akisema “Ni kweli, ameenda mlimani toka jana, njia ya kaskazini,” kazi inaanza na picha kamili. Kama haijasajiliwa, mtu wa zamu anaona ishara isiyo na mwenyewe. Itafuatiliwa, lakini dakika zinakwenda, na hapo ni wewe unayecheza pungufu.

Tumeona timu zikipokwa pointi kwa kumchezesha mchezaji ambaye karatasi zake hazijakaa sawa. Huku hawachukui pointi. Na ukihama nyumba au kubadili namba ya simu, rudi ukabadilishe taarifa.

TURUDI KWA RALSTON

Je, PLB ingemwokoa? Tusidanganyane. Chini ya lile korongo alikuwa anaona kipande chembamba tu cha anga. Pengine ishara ingepita, pengine isingepita.

Lakini kuna jambo moja halina pengine. Ile helikopta iliyomchukua haikuwa imepita kwa bahati, ilikuwa inamtafuta. Kazini walishtuka hajatokea, mama yake akahangaika na simu, gari lake likapatikana. Walichelewa kwa sababu walianza bila kujua hata upande wa kutazama. Kikaratasi kimoja nyumbani, “naenda Blue John, narudi Jumapili,” kingewapeleka pale siku kadhaa mapema. Hakihitaji betri wala bando.

Na asidhani mtu kwamba tunasema mkae ndani. Ralston mwenyewe alirudi milimani, na mwaka 2005 akakamilisha kazi yake ya kupanda vilele vya Colorado vyenye zaidi ya futi 14,000, peke yake, kipindi cha baridi, akiwa na mkono mmoja.

Kwa hiyo, mdau unayeingia porini mwenyewe: sajili kipa, jaza fomu yake, kiweke kifuani na siyo chini ya begi, maana ukianguka begi linaweza kubaki juu wewe uko bondeni. Halafu kabla hujafunga kamba za viatu, mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na unarudi lini.