KILWA NA PRAHA: JIBU KWA SWALI LA MWANAFUNZI



Hivi karibuni alitujia kijana wa darasa la saba, mtoto wa familia moja ya hapa Silver Spring, akiwa na zoezi la somo la historia mkononi. Karatasi yake ilikuwa na safu nne: mtawala, kanisa, makabaila na miji. Mfano waliopewa wanafunzi ulikuwa Ufalme wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Kijana alikwisha kuzijaza safu zote nne kwa hati nzuri. Hakuhitaji msaada wetu. Alilolitaka ni jingine, nalo halikuwamo katika zoezi: "Shikamoo Mwalimu. Na sisi je, zama hizo tulikuwa na nini?"

Tulimwitikia marahaba, tukamwahidi jibu la maandishi. Tunalitoa hapa mbele ya wazazi wote, kwa sababu tunaamini kwamba swali hilo linaulizwa katika nyumba nyingi zetu, na pengine hujibiwa kwa kimya, au kwa majivuno yasiyo na ushahidi. Yote mawili hayamfai mtoto. Tutatumia safu zile zile nne alizopewa, na tutauweka mji wa Kilwa Kisiwani, katika mkoa wa Lindi, Tanzania, kando ya mji wa Praha.

MTAWALA

Mtawala mashuhuri kuliko wote wa Bohemia ni Charles wa Nne. Alizaliwa mwaka 1316, akawa mfalme mwaka 1346, na mwaka 1355 akavikwa taji la kaizari mjini Roma. Yeye ndiye aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Praha mwaka 1348.

Mwaka 1331, Charles alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano, msafiri wa Morocco aitwaye Ibn Battuta alishuka jahazini Kilwa. Alimkuta sultani aitwaye al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, ukoo uliohesabu asili yake Yemen. Watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alikuwa ameona miji mingi ya dunia kabla ya hapo, naye aliuhesabu mji wa Kilwa miongoni mwa miji mizuri.

Sultani huyo ndiye anayenasibishwa na jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yangali juu ya jabali linaloitazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wageni, maghala, na birika la kuogea lenye pembe nane. Alipiga sarafu za shaba, na chache za dhahabu. Sarafu za Kilwa zina jambo ambalo Mswahili yeyote atalifurahia: upande mmoja umeandikwa jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zinaoana kwa vina kama mshororo wa utenzi.

DINI

Praha ilipata askofu mkuu wake mwaka 1344, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mtakatifu Vitus. Kanisa lilikuwa na mashamba, mahakama na sauti katika baraza la mfalme. Ugomvi juu ya utajiri huo ndio uliomfikisha padri Jan Hus motoni mwaka 1415.

Katika pwani yetu, safu hii haina kanisa bali ina msikiti. Katika mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta alama za msikiti mdogo wa miti chini ya msikiti wa mawe, nao ni wa karne ya 8. Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya msikiti yenye mwaka wa Hijra 500, yaani 1107. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kabla ya zama za al-Hasan, ukapanuliwa mno katika karne ya 14 kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa. Sehemu ya upanuzi huo ilianguka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Yasemekana kwamba kujikwaa si kuanguka. Watu wa Kilwa walianguka kweli, na wakainuka.

Tofauti moja yafaa itiwe maanani. Huku hapakuwa na askofu mkuu wala ardhi ya kanisa ya kugombaniwa na mfalme. Palikuwa na makadhi, masharifu na wanazuoni, ambao waliheshimiwa kwa elimu yao, na wengi wao walisafiri kati ya Yemen, Hijazi na pwani kwa pepo zile zile zilizoleta biashara.

MAKABAILA NA WAUNGWANA

Mwaka 1306 mfalme wa mwisho wa ukoo wa kale wa Bohemia aliuawa bila ya kuacha mrithi wa kiume. Makabaila wa nchi wakamwita mgeni, John wa Luxembourg, wakamwoza binti wa ukoo ule wa kale, na mwaka 1310 akaingia Praha. Charles wa Nne ni mtoto wa ndoa hiyo: baba mgeni, mama mwenyeji.

Kwetu, waliokuwa na nafasi hiyo ni waungwana. Uungwana wao haukutokana na ngome na farasi, bali na nyumba ya mawe, nasaba, elimu ya dini, na jahazi baharini. Hata hivyo, nao walijua kumweka mtawala na kumwondoa. Katika karne ya 15 amiri na waziri wa Kilwa walipata nguvu kuliko masultani wenyewe. Wareno walipofika mwaka 1500, aliyeshika hatamu za mji alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye watu wengi hawakumkubali kuwa sultani wa haki.

Hapa hatuna budi kulikabili jambo ambalo limewasumbua wengi: je, Kilwa ilijengwa na nani? Tulipokuwa shuleni, vitabu vya wakoloni vilitufundisha kwamba miji ya pwani ilijengwa na Waajemi na Waarabu, na kwamba Mwafrika alikuwa mpagazi tu. Tarehe ya Kilwa yenyewe, iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo Mreno João de Barros naye aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1552, yasimulia habari ya Ali bin al-Hasan aliyetoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Watu hukisimulia kisa hicho wakasahau sehemu yake nyingine. Tarehe hiyo hiyo yasema kwamba wageni walipofika walimkuta Mwislamu pale kisiwani, jina lake Muriri wa Bari, na msikiti ulikuwapo. Naye de Barros asema kwamba mama yake Ali alikuwa mtumwa Mhabeshi, na kwamba ndugu zake walimdharau kwa sababu hiyo.

Mwaka 2023 wataalamu, akiwamo Profesa Chapurukha Kusimba aliyezaliwa Kenya, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa nasaba uliofanywa katika mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika pwani na jirani yake. Katika miji ya pwani walikuta kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na kwamba asili ya Asia, ambayo sehemu yake kubwa ni ya Uajemi, ilitoka hasa kwa upande wa baba. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa waongo, na wakoloni waliomwondoa Mwafrika katika habari hiyo hawakuwa wakweli. Lugha iliyosemwa majumbani ilikuwa ya akina mama, nayo ndiyo hii tunayoiandika.

Kijana wetu na alinganishe. Baba yake Charles alikuwa mgeni, na msanifu wa kwanza wa kanisa kuu la Praha alitoka Ufaransa, na aliyemfuata alikuwa Mjerumani. Hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba kwa hiyo Praha si mji wa Wacheki. Kwa nini basi Kilwa iwe si ya Waswahili?

MIJI

Mji wa Bohemia ulisimama juu ya fedha. Machimbo ya Kutná Hora ndiyo yaliyowezesha kupigwa kwa sarafu maarufu ya Praha, grosheni, kuanzia mwaka 1300. Kilwa haikuwa na mgodi. Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, na watu wa Kilwa wakaishika njia hiyo. Ushahidi uko pande zote mbili: sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Vyombo vya udongo vya China, shanga na nguo za Bara Hindi vililetwa kwa kaskazi, na majahazi yakarudi kwa kusi.

Lakini tusimpe kijana nusu ya habari. Ibn Battuta alisimulia kisa cha maskini wa Yemen aliyemsimamisha sultani baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia ndani, akabadili nguo, akampa. Mwanawe akazichukua zile nguo, akamlipa yule maskini badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, aliongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa akamfuata nduguye Daud, naye alipoombwa alijibu kwamba mtoaji amekufa wala hakuacha kitu.

Katika miaka yetu ya ualimu tulikisimulia kisa hicho mara nyingi kama mfano wa ukarimu. Twakiri kwamba ilitupitia miaka mingi kabla ya kujiuliza: wale ishirini walikuwa nani? Hakuna aliyeyaandika majina yao. Walikuwa na mama zao, walikuwa na makwao barani, nao walitolewa kama kanzu. Sisi tunaoishi Maryland na Virginia, katika ardhi iliyolimwa na watumwa, na jirani zetu wakiwa wajukuu wao, hatuwezi kuusifu uungwana wa Kilwa tukawasahau hao. Hata methali yetu ya "mwacha asili ni mtumwa" ni kauli ya waungwana. Tuitumie, lakini tujue ilikotoka.

Mwisho wa utukufu ule wajulikana. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtoza Amiri Ibrahim kodi ya dhahabu, mithkali 1,500. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, watu wake wakaupora, wakajenga ngome, na mwaka 1512 Wareno wakaondoka. Dhahabu ya kodi ya Kilwa haikupotea. Mwaka 1506 iliyeyushwa, ikafanywa chombo cha kuwekea Ekaristi kwa ajili ya mfalme wa Ureno, nacho hutazamwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Kijana akiulizwa iko wapi dhahabu yetu, ana jibu lenye anwani.

NASAHA KWA WAZAZI

Magofu ya Kilwa na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa mmomonyoko na kuachwa. Kumbukumbu yetu huku ugenini nayo yamomonyoka vivyo hivyo, kidogo kidogo, isipokarabatiwa.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika, hapa Washington, hayana kiingilio. Mwaka 2018 yaliweka maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Maktaba ya Bunge humpa kadi ya msomaji, bila malipo, yeyote aliyetimiza miaka 16, na ina chumba maalumu cha wasomaji wa mambo ya Afrika. Wapelekeni watoto Jumamosi moja. Wanaotoka bara wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa pwani peke yao: dhahabu, pembe na watu waliopita Kilwa vilitoka bara, na bila ya bara pasingekuwa na Kilwa.

Kijana wetu amekwisha kuchora karatasi ya pili, yenye safu zile zile nne, na juu yake ameandika Kilwa. Chini tulimwomba aongeze safu ya tano, kwa ajili ya wale ambao majina yao hayakuandikwa. Ameiacha wazi, na tumemwambia ndivyo inavyopaswa kuwa. Ataipeleka shuleni pamoja na ile ya Bohemia, kwani hatukutaka aifute moja ili aiandike nyingine.