Je, Wajua? Turbo Hufa kwa Kiu

Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye turbo nyingi haigusi chuma: huelea juu ya utando mwembamba wa oili.

Ndiyo maana injini iliyofungwa upya huweza kuua turbo iliyokuwa salama. Kipande cha gundi ya gasketi kinatosha kuziba njia ya oili. Kwenye Subaru Impreza WRX nyingi, kichujio kidogo kimejificha ndani ya bolti ya bomba la oili. Fundi mwenye haraka hukisahau kikiwa kimeziba.

Ili kuipima turbo, itikise shafti injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Ukiisikia ikiingia na kutoka, turbo imekwisha. Mapanga yamekwaruza ganda? Hapo hakuna mjadala.

Moshi wa buluu pekee si hukumu. Bomba la kurudisha oili likiziba, hata turbo isiyo na kasoro hufuka.